Kutoka Kipawa hadi Kimbiji: safari ya kuutafutia uwanja wa ndege maji ya akiba

Jumatatu, Kipawa

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hauna mto wake. Maji ya kunawa, ya vyoo, ya migahawa, ya kujaza matenki ya ndege na magari ya zimamoto, yote yanatoka mbali, na huko yanakotoka ndiko ninakokwenda wiki hii. Nimefanya kazi ya mabomba na pampu za majengo makubwa kwa muda mrefu, na swali moja halijaniacha tangu Oktoba 2022, Dar es Salaam ilipoingia kwenye mgao wa maji: bomba la mjini likikauka, uwanja huu utashika wapi?

Nasafiri na mpwa wangu, anayesoma Chuo cha Maji pale Ubungo. Yeye ameshika daftari, mimi nimebeba kipimo cha chumvi ya maji na chupa za sampuli.

Tulianzia jengo la tatu la abiria, lililozinduliwa Agosti 2019. Uwezo wake ni abiria milioni 6 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku 365 unapata abiria kama 16,400 kwa siku. Mimi hukadiria lita 20 kwa kila abiria, nikichanganya choo, kunawa, usafi na jikoni. Jengo likijaa, hiyo ni lita 330,000 kwa siku moja, kabla hujahesabu maji yanayopandishwa ndegeni. Boeing 787 peke yake hubeba takribani lita 1,000 za maji ya matumizi.

"Mjomba, si wataita maboza tu?" mpwa wangu akauliza.

Nikamwambia apige hesabu mwenyewe. Boza la lita 10,000 litahitajika mara 33 kwa siku. Maana yake boza moja liwe linamwaga maji kila baada ya dakika 44, usiku na mchana, kupitia Barabara ya Nyerere tunayoijua ilivyo jioni. Na siku mji mzima umekauka, maboza hayohayo ndiyo yanayotegemewa na Gongo la Mboto, Ukonga na Vingunguti. Uwanja ukiyachukua yote, mama mwenye madumu yake ndiye atakayelipa tofauti ya bei. Kwa hiyo boza ni msaada wa saa chache. Tukiliita akiba tunajidanganya.

Kuna jambo la pili ambalo abiria halioni. Kwa kanuni za ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, uwanja wa daraja la 9 la uokoaji, yaani unaopokea ndege kubwa, unatakiwa uwe na lita 24,300 za maji ndani ya magari ya zimamoto, kwa povu la kuzimia moto la kiwango cha B, na magari hayo yaweze kurusha lita 9,000 kwa dakika. Gawanya: maji yanaisha kabla ya dakika 3. Zimamoto hupangwa hivyo kwa makusudi, dakika za kwanza ndizo zinazookoa watu. Lakini baada ya hapo gari lazima lijazwe, na kwa kasi. Bomba la mjini lenye presha ya kusuasua haliwezi kazi hiyo. Inatakiwa tenki iliyojaa na pampu inayowaka bila kutegemea umeme wa gridi.

Usiku daftari lilikuwa na maji ya aina tatu: ya kunywa, ya vyoo na usafi, na ya kuzimia moto. Kila aina inahitaji hesabu yake ya akiba, na ukizihesabu kama moja unajidanganya.

Jumanne, Ruvu Chini

Tuliondoka alfajiri kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, kisha tukaingia ndani kuufuata mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Ni mwisho wa kiangazi, vuli bado. Ruvu una rangi ya chai ya maziwa na kingo zake zimebaki juu juu, mizizi ya miti ikining'inia.

Mtambo wa Ruvu Chini ulianza kazi 1976. Ulijengwa kuzalisha lita milioni 180 kwa siku, ukapanuliwa hadi milioni 270, na bomba jipya la kipenyo cha mita 1.8 likalazwa kuelekea mjini. Mtu mzima anaweza kutembea ndani yake akiwa ameinama kidogo. Kazi yenyewe haina siri: maji yanavutwa mtoni, yanatiwa dawa ya kugandisha tope, yanatulia, yanapita kwenye mchanga, yanatiwa klorini, yanasukumwa. Kila hatua ina mota, na kila mota inadai umeme. Umeme ukikatika huku, bomba la mita 1.8 linakuwa chuma tu kilicholala ardhini.

Ukingoni tulimkuta mzee anayelima bamia na mchicha, na kipampu chake cha petroli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kupima mto? Mwaka ule mngekuja mngevuka hapa na viatu."

Alituonyesha kwa fimbo mahali maji yalipokuwa yamefikia mwaka 2022. Nilishuka nikasimama pale. Kati ya alama yake na maji ya leo kulikuwa na kimo cha kiuno changu. Mpwa wangu akachora.

Jumatano, Mlandizi

Mtambo wa Ruvu Juu ni mkongwe zaidi, wa 1959, nao ulipanuliwa kutoka lita milioni 82 hadi 196 kwa siku. Maji yake hupanda kuelekea Kibamba na Kimara. Mwaka 2020 yalifikishwa Kisarawe, kisha yakateremka Pugu na Gongo la Mboto, majirani wa uwanja wa ndege.

Jumlisha mitambo yote miwili: 270 na 196 ni 466. Namba hii ndiyo iliyotangazwa Oktoba 2022, kwamba uzalishaji ulishuka kutoka lita milioni 466 hadi milioni 300 kwa siku. Yaani mitambo yote miwili ilipigwa kwa pamoja, wiki ileile, kwa sababu ileile. Mimi niliwahi kuona michoro ya majengo ambayo mhandisi ameandika kwa fahari "vyanzo viwili", kisha ukifuatilia mabomba unakuta la kwanza linatoka Ruvu Juu na la pili Ruvu Chini. Ni mapacha wanaonyonya kwa mama mmoja. Mama akiugua, wote wanalala na njaa.

Hili ndilo nililokuja kuliona kwa macho yangu, na nataka lisomwe na kila anayepanga akiba ya maji ya hospitali, bandari au kiwanja cha ndege hapa mjini. Bomba la pili kutoka mto uleule linakukinga bomba la kwanza likipasuka. Ukame haliujui.

Alhamisi, Pugu hadi Morogoro

Tulipanda treni ya SGR kituo cha Pugu. Soga, Ruvu, Ngerengere, na kabla hatujamaliza karanga tulikuwa Morogoro. Dirishani nchi ilikuwa ya kahawia hadi milima ya Uluguru ilipotokea, kijani kibichi, mawingu yameikalia kichwani.

Mto unaanzia huko juu. Vijito vya Uluguru vinakutana, Mgeta unaingia, Ngerengere unaingia, na ndipo Ruvu unakuwa Ruvu. Kila mwembe na mgomba unaoondolewa kwenye miteremko ya Waluguru na kuachia udongo wazi, tope lake linaishia kwenye machujio ya Bagamoyo. Hilo lina siku yake.

Morogoro ndiko ziliko ofisi za Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Watu wengi mjini wanadhani kisima ni mali ya mwenye kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema vingine: kutumia maji ya chini ya ardhi kunahitaji kibali, na bodi ya bonde ndiyo inayotoa. Anayetaka kuuchimbia uwanja wa ndege kisima kirefu aanzie hapa, asianzie kwa mwenye mashine ya kuchimba.

Ijumaa, barabara ya Mvuha

Tulikodi gari hadi upande wa kusini wa milima kuuona mto ukiwa bado kijana. Maji yanaonekana mpaka mawe ya chini. Nilipima chumvi: karibu hamna.

Mbele huko, nje ya njia yetu, ndiko Kidunda, linakojengwa bwawa ambalo mkataba wake ulitiwa saini Novemba 2022. Litahifadhi lita bilioni 190. Mpwa wangu alikuwa na imani nalo kubwa: "Mjomba, bwawa likijaa, hoja yako si itakuwa imekwisha?"

Ni swali zuri na nililijibu kwa uzito. Bwawa la Kidunda halitapeleka maji mjini kwa bomba. Litaufungulia mto wakati wa kiangazi, ili Ruvu Juu na Ruvu Chini wapate cha kuvuta. Ni kazi kubwa na ya lazima kwa jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na mwaka kama 2022 hautauma vile tena. Lakini baada ya bwawa maji yatapita palepale: mto mmoja, mitambo ileile, umeme uleule, mabomba yaleyale. Bwawa linaimarisha chanzo cha kwanza. Cha pili bado tunakitafuta.

Jumamosi, Kigamboni na Kimbiji

Hii ndiyo siku niliyoingojea. Tulivuka Daraja la Nyerere asubuhi, tukapita Kibada kuelekea Kisarawe II.

Kusini mwa Dar es Salaam, kuanzia Kigamboni hadi Mkuranga, chini kabisa ya mchanga tunaoukanyaga, kuna tabaka nene za mchanga na mawe-mchanga zilizojaa maji. Wataalamu wanaziita hifadhi ya Kimbiji. Visima vyake si hivi vya mtaani vya mita 30 au 60. Vinashuka mamia ya mita, vingine kuelekea 600. Serikali ilichimba visima virefu Kimbiji na Mpera, na Novemba 2022, mgao ukiwa umeshika kasi, mradi wa Kigamboni wa lita milioni 70 kwa siku ukazinduliwa, sehemu ya maji yake ikaelekezwa kuvuka kwenda mjini. Katika wiki ambazo Ruvu ulikuwa umeinamisha kichwa, maji haya hayakujua kama kuna ukame. Mvua iliyoyaweka kule chini ilinyesha zamani sana.

Weka namba mbili pamoja. Jengo la tatu likijaa linahitaji lita 330,000. Mradi huu ni lita milioni 70. Mahitaji ya jengo hilo hayafiki nusu ya asilimia moja ya mradi.

Kimbiji kwenyewe ni kijiji cha minazi, mihogo na wavuvi. Tulisimama kwenye kibanda cha mama anayeuza samaki wa kukaanga, ana kisima kifupi nyuma ya nyumba.

"Mama, maji yako yana ladha gani?"

"Ya kunywa tunanunua, mwanangu. Haya ni ya kuogea na vyombo. Ukichota sana wakati wa jua kali yanaanza chumvi."

Niliyapima. Kipimo kilipanda mara nyingi kuliko kile cha Mvuha. Mama huyu amelieleza tatizo lote la pwani bila kipimo chochote. Maji baridi yako juu ya maji ya bahari, na ukivuta haraka kuliko mvua inavyorudisha, bahari inajisogeza. Ndiyo maana kisima kifupi ndani ya uzio wa uwanja hakinipi amani, ingawa ndicho cha kwanza kupendekezwa kwenye vikao. Tabaka la juu la Dar es Salaam linakunywa kutoka kwenye vyoo vya shimo vya mji mzima, na karibu na pwani linaonja bahari. Kwa kusukuma vyoo na kumwagilia, sawa. Kwa bomba la kunywa la abiria, au tenki la ndege inayokaa angani kwa muda wa saa 8, hapana.

Hata kisima kirefu hakichezewi. Maji yaliyojikusanya kwa karne nyingi hayarudi kwa masika moja. Kinahitaji visima vya uangalizi pembeni yake, kina cha maji kipimwe kila mwezi, chumvi ipimwe, na rekodi zipelekwe bodini. Anayechimba na kuondoka ataondoka na akiba ya wajukuu.

Mpwa wangu alichota sampuli kwenye gati, yaani kituo cha kuchotea maji, la visima virefu alipokuwa akijaza chupa yake. Alionja kwanza, nilimwona.

"Haya matamu, mjomba."

Kipimo kikakubaliana naye.

Jumapili, Mkuranga

Mpera tuliifikia kupitia Mbagala na Vikindu, foleni ikitumaliza. Siku fupi. Nilichotaka ni kuona njia, kwa sababu maji yaliyoko Mkuranga na uwanja ulioko Kipawa viko upande mmoja wa mkondo wa Kurasini. Bomba kutoka huku halihitaji kuvuka bahari. Litavuka bonde la Mzinga na la Kizinga, na kwenye Kizinga kuna mtambo wa Mtoni, mdogo sana kwa mahitaji ya leo, lakini kumbukumbu kwamba mji huu uliwahi kunywa kutoka upande wa kusini.

Jioni tulibishana juu ya mvua ya paa. Yeye anaipenda, na ana haki. Paa la mita za mraba 10,000, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ambayo Dar es Salaam huipata mwaka wa kawaida, linakusanya lita milioni 10, tuseme milioni 8 ukitoa zinazopotea. Uwanja wa Changi wa Singapore unakusanya mvua kwenye mabwawa yake na kuitumia vyooni na kwenye mazoezi ya zimamoto. Lakini Singapore hunyeshewa mwaka mzima. Sisi tuna masika na vuli, na kiangazi kati yake. Na vuli ikigoma Uluguru, mara nyingi imegoma na Kipawa pia. Paa lipunguze matumizi ya kila siku, livunwe kwa nguvu zote, liwe na matenki yaliyofunikwa vizuri mbu wa dengi asitage. Siku ya ukame tusilitegemee.

Jumatatu, mezani

Mpwa wangu amerudi chuoni. Nimeandika mapendekezo, na haya ndiyo nitakayoyatetea mbele ya yeyote atakayenisikiliza.

Chanzo kikuu kibaki maji ya mjini. Chanzo cha pili kitoke hifadhi ya Kimbiji, kwa bomba linalokuja kutoka kusini, lenye vali yake na mita yake, na lisichanganywe na maji ya Ruvu kabla ya kufika kwenye tenki la uwanja. Likiunganishwa njiani na mtandao wa kawaida, siku ya mgao litanyonywa na mtandao huo na uwanja utabaki na hewa. Na lipitishe maji kila siku, hata kidogo, maana bomba linalongoja ajali ndipo lifunguliwe hukutwa limejaa kutu.

Matenki yawe mawili, kila moja lita 500,000. Pamoja ni karibu siku tatu za jengo lililojaa, muda wa kutosha kwa fundi kuunga bomba lililopasuka. Nilishawishika kuandika siku saba, nikakataa. Maji yaliyokaa sana kwenye joto letu hupoteza klorini, na nataka ile ya mwisho kwenye koki isishuke chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Yakiwa mawili, moja linaoshwa huku jingine likifanya kazi.

Ndani ya kila tenki, bomba la matumizi ya kawaida litoboe juu ya kiwango cha akiba ya zimamoto, na la zimamoto litoboe chini kabisa. Hivyo hata migahawa na vyoo vikinyonya mpaka vikauke, maji ya kuzimia moto yanabaki, bila mtu kukumbuka kufunga koki yoyote. Pampu ya zimamoto iwe na injini ya dizeli na ipigwe kila wiki. Pampu ya kisima nayo iwe na jenereta yake, kwa kuwa mgao wa maji na mgao wa umeme huwa vinatembea pamoja.

Maji ya paa na ya kisima kifupi yapite kwenye mabomba ya rangi nyingine, yaende vyooni tu, na yasiunganishwe popote na ya kunywa, hata kwa vali iliyofungwa. Vali iliyofungwa leo, kesho ina mtu mwenye haraka.

Na bomba la kusini, popote litakapopita, liachie magati. Mbagala, Yombo, Kipawa, Gongo la Mboto. Sitaki kuona maji matamu ya Mkuranga yakipita chini ya miguu ya watu wanaonunua dumu, kwenda kuosha sakafu ya abiria. Kiasi ninachokiombea uwanja ni kidogo kiasi kwamba bomba likilazwa kwa kipenyo kikubwa kidogo tu linawatosha wote, na majirani wanaochota kila siku ndio watakaohakikisha maji hayalali ndani yake.

Kazi ya kwanza haina gharama kubwa: kufunga mita kwenye kila njia ya maji ya uwanja na kuzisoma kila saa kwa mwezi mzima, ili lita zangu 20 za makadirio zibadilishwe na namba halisi. Ya pili ni maombi ya kibali bodini Morogoro. Ya tatu ni kisima cha majaribio upande wa Mkuranga, kipigwe pampu saa 72 mfululizo, kina na chumvi vikiandikwa kila saa. Fomu ya kibali nimeshaanza kuijaza.